Merekani, Viraka na Neema: Historia ya Nguo Katika Njia ya Kigwa

Utangulizi



Ndugu msomaji, kitabu cha kuadhimisha miaka mia moja ya usharika kwa desturi hujaa majina ya wachungaji na wainjilisti, hesabu za waliobatizwa na kubarikiwa, na tarehe za kuwekwa mawe ya msingi. Mambo hayo ni ya lazima, na wenzangu wameyaandika mahali pake. Mimi nimeomba ruhusa ya kuandika juu ya jambo ambalo halimo katika daftari lolote la usharika, ingawa limo katika kila nyumba yetu. Jambo hilo ni nguo: jinsi ilivyofika katika nchi hii ya Unyamwezi, ilikuwa na thamani gani, na jinsi vipande vyake vilivyoungwa kwa sindano na kwa cherehani hadi vikawa ushuhuda wa imani.

Sababu ya kuandika haya ni swali nililoulizwa zamani. Katikati ya miaka ya 1980, nikiwa mchungaji kijana, nilikwenda kumwombea bibi mmoja Mnyamwezi aliyekuwa amelazwa hospitalini. Alikuwa amefunikwa mfarishi wa viraka, yaani lile blanketi zito lililoungwa kwa vipande vya nguo za rangi mbalimbali na kutiwa bitana. Mfarishi huo ulikuwa mmoja wa ile iliyotumwa na Walutheri wa Marekani. Bibi aliupapasa kwa vidole, akaufuatisha mshono mmoja hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Baba Mchungaji, nguo hii ameilipia nani?"

Nikamjibu, "Bibi, haikulipiwa. Wameishona akina mama Wakristo wa Marekani, wakatuletea bure."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba yangu alikuwa mpagazi. Alibeba merekani begani kutoka pwani hadi huku. Hakuniambia hata siku moja kwamba nguo ya Mmarekani huja bure."

Sikuwa na jibu. Nilisoma neno, nikaomba, nikaondoka. Lakini maneno ya bibi yule hayakuondoka nami kirahisi, na kadiri nilivyosoma historia ya njia hii ndivyo nilivyoona kwamba alikuwa akisema kweli. Insha hii ni jaribio la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Nguo iliyokuwa fedha

Msafiri aliyetoka Bagamoyo katika karne ya 19 alipita Ugogo, akavuka nyika kavu ya Mgunda Mkali, kisha akaingia Unyamwezi kwa kupitia Tura, Rubuga na Kigwa, hadi akafika Kazeh, ambapo leo ni Tabora. Ndiyo njia waliyopita Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke, wakafika Kazeh tarehe 7 Novemba 1857. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 alizikuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa na vita. Basi jina la Kigwa limo katika vitabu vya wasafiri tangu zamani, kama kituo ambacho mpagazi alitua mzigo akijua kwamba Kazeh iko karibu.

Katika mzigo huo kulikuwa na nini? Kwa sehemu kubwa kulikuwa na nguo. Zilikuwapo kaniki nyeusi kutoka India, na nguo za rangi kama barsati, dabwani na sohari. Lakini iliyotangulia zote kwa wingi ilikuwa merekani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho jina lake latwambia kilikotoka. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na kuanzia mwaka 1837 ilikuwa na balozi mdogo Unguja. Meli za wafanyabiashara wa mji wa Salem zilileta vitambaa kutoka viwanda vya Massachusetts, nazo zilirudi na pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na ngozi.

Huku bara nguo hiyo ilitumika kama fedha. Ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono minne ilikuwa shuka moja, na mikono minane ilikuwa doti moja. Mtemi aliyekuwa na mamlaka ya njia alitoza hongo kwa doti, mtama ulinunuliwa kwa mikono, na posho ya wapagazi ilikatwa kutoka katika jora. Pembe za ndovu zilinunuliwa kwa nguo. Na, kwa huzuni kubwa lazima tuseme, binadamu pia walinunuliwa kwa nguo.

Mzigo wa nguo uliofungwa tayari kwa safari uliitwa mtumba. Majora yalikunjwa na kukazwa kwa kamba mpaka yakawa kama mto mrefu, yakafungiwa vijiti ili mtumba uweze kuegemezwa kwenye mti bila kugusa umande wa ardhini. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, yaani takriban kilo 30, nao ulikaa begani kwa miezi. Neno hilo mtumba bado tunalo vinywani kila siku ya mnada, tunaponunua nguo zilizovaliwa na wengine. Wachache wanakumbuka kwamba ni neno la njia ya misafara.

Hapana budi tuongeze jambo moja. Wanyamwezi hawakuwa uchi wakingoja merekani. Walikuwa wakitengeneza nguo za magome ya miti, na walikuwa wafumaji wa pamba. Burton mwenyewe aliona vitanda vya kufumia katika nchi hii. Nguo ya kigeni iliyokuja kwa wingi iliwashinda wafumaji hao kidogo kidogo. Kwa hiyo bibi yule wa hospitalini aliposema nguo haiji bure, alikuwa na habari nyingi nyuma yake. Ilipunguza kazi ya mikono ya babu zake, ilikaa begani mwa baba yake, na ilitumika kuwa bei ya watu.

Pamba ilitoka wapi?

Swali la bibi lina upande wa pili, ng'ambo ya bahari. Viwanda vya Massachusetts havikulima pamba. Pamba ilitoka katika majimbo ya kusini ya Marekani, na waliopanda, kupalilia na kuchuma walikuwa watumwa, wajukuu na vitukuu vya watu waliochukuliwa kutoka Afrika. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka nchini humo mwaka 1861 hadi 1865, pamba iliadimika, na merekani ikapungua katika soko la Unguja hata vitambaa vya Bombay vikashika nafasi yake. Hivyo ndivyo shamba la mtumwa wa Georgia na kituo cha mpagazi wa Kigwa vilivyofungwa kwa uzi mmoja, wala hakuna aliyemjua mwenzake.

Katika shamba kama hayo, mwaka 1837, mwaka uleule balozi wa Marekani alipoanza kazi Unguja, alizaliwa Georgia mtoto wa kike mtumwa ambaye jina lake la ndoa lilikuwa Harriet Powers. Baada ya kupata uhuru yeye na mumewe walikuwa wakulima wadogo. Mama huyo alishona mifarishi ya viraka, nayo iliyohifadhiwa mpaka leo ni miwili. Wa kwanza una picha 11 za Biblia: Adamu na Hawa katika bustani, Kaini akimwua Abeli, Yakobo akiota ndoto, ubatizo wa Bwana wetu, karamu ya mwisho, msalaba. Vipande vya watu na wanyama vimekatwa kwa nguo za pamba na kubandikwa juu ya nguo nyingine kwa mishono. Wataalamu walioichunguza kazi hiyo wanasema kwamba ilishonwa kwa mkono na kwa cherehani pia.

Mfarishi huo ulioneshwa katika maonesho ya pamba ya mji wa Athens, Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, alitaka kuununua, mwenyewe akakataa. Miaka michache baadaye, maisha yalipokuwa magumu, Mama Powers aliupeleka auze kwa dola 10, akapewa dola 5. Leo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia huko Washington, na wa pili uko katika makumbusho ya Boston, katika jimbo lilelile la viwanda vya merekani.

Nimesimulia habari za mama huyu kwa sababu ndani yake naona pande mbili za jambo letu. Pamba ilikuwa imetumika kumfanya yeye kuwa mali. Naye akaichukua pamba hiyo hiyo, vipande kwa vipande, akaihubiria Injili. Huo ndio mwanzo wa jibu nililokosa kando ya kitanda.

Leso za kushona

Tusidhani hata hivyo kwamba kuunga vipande ni ustadi wa Marekani peke yake. Pwani yetu ina habari yake, nayo imo miilini mwa mama zetu kila siku bila sisi kuitambua.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 maduka ya Unguja na Mombasa yaliuza vitambaa vya mkononi vilivyochapwa marembo, ambavyo watu waliviita leso, neno lililotokana na Kireno. Leso hizo zilikuja zikiwa zimeungana katika jora, na muuzaji alizikata kwa kadiri ya mnunuzi. Wanawake wakabuni njia yao. Walinunua leso sita katika mkato mmoja, wakazikata katikati zikawa vipande viwili vya leso tatu tatu, wakaviweka kimoja juu ya kingine na kuviunga ubavu kwa ubavu. Ikawa nguo moja pana, leso tatu kwa urefu na mbili kwa upana, ya kutosha kujifunga mwili. Wengine walichanganya leso za marembo mbalimbali, kila mmoja akapata nguo ambayo jirani yake hana. Hizo ziliitwa leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona hivyo wakaagiza nguo iliyochapwa nzima yenye pindo na mji, na hiyo ndiyo kanga.

Kwa hiyo kanga ambayo mama hubebea mtoto akija kubatizwa ilianza kama kazi ya viraka. Aidha, Biblia yenyewe yatufundisha kwamba Mungu haidharau kazi hiyo. Katika Kutoka sura ya 26, Musa anaagizwa kuifanya maskani kwa mapazia 10, kila pazia likiwa na urefu wa mikono 28 na upana wa mikono 4. Mapazia matano yaungwe pamoja, na matano mengine yaungwe pamoja, kisha yaunganishwe kwa tanzi 50 kila upande ili maskani iwe kitu kimoja. Mpagazi wa Kigwa angeuelewa upana huo mara moja, kwa maana mikono minne ndiyo iliyokuwa shuka yake. Nyumba ya kwanza ya ibada ya watu wa Mungu ilikuwa nguo iliyoungwa.

Sindano na cherehani

Sasa nieleze jinsi mfarishi wenyewe unavyoungwa, maana anayepewa kitu asichokijua ugumu wake hushukuru nusu. Haya nimejifunza kwa kuwatazama akina mama na mafundi wakiwa kazini.

Kwanza ni kufua. Kila kipande, kipya na kikuukuu, hufuliwa na kukaushwa kabla ya kukatwa. Kipya kisichofuliwa kitasinyaa baada ya kuungwa, nacho kitavuta jirani yake mpaka mshono uachie. Bwana Yesu alilitumia jambo hili katika Marko 2:21 aliposema habari za kiraka kipya na vazi kuukuu. Sisi wahubiri hulieleza kwa maneno mengi. Fundi wa nguo hulielewa kwa mara ya kwanza kulisikia.

Pili ni kukata. Tuchukue mfano rahisi. Mfarishi wa inchi 60 kwa 80 waweza kuungwa kwa miraba 48 ya inchi 10, sita kwa upana na minane kwa urefu. Kila mraba una viraka vinne. Kila kiraka hukatwa inchi 5 na nusu, kwa sababu mshono utakula robo inchi kila upande na kubakiza inchi 5 kamili. Jumla ni viraka 192. Katika hesabu hiyo hakuna kosa dogo. Ikiwa kila mraba utazidi kwa thumni moja tu ya inchi, safu ya miraba minane itazidi kwa inchi nzima, na safu hiyo haitakubali kulala pamoja na jirani yake. Ndiyo maana mafundi wazuri hupima kila mraba unapokamilika, wala hawangoji mwisho.

Tatu ni kuunga, na hapa ndipo cherehani na mkono hugawana kazi. Mishono mirefu iliyonyooka ni ya cherehani. Fundi hupitisha jozi za viraka moja baada ya nyingine bila kukata uzi, zikatoka nyuma zimefuatana kama samaki waliotungwa. Kisha huzikata, na kuzipiga pasi kwa kukandamiza tu bila kuvuta. Mishono ya jozi ya juu hulazwa kulia, na ya jozi ya chini hulazwa kushoto. Zinapokutana, mikunjo hukumbatiana, na pembe nne hukaa mahali pamoja. Asiyejua siri hiyo hulazimisha mikunjo yote upande mmoja, akapata kinundu kinachovunja sindano.

Lakini miraba ya mapambo, kama nyota au kipepeo cha upepo, haikubali haraka ya cherehani. Hapo mraba hukatwa hanamu ukawa pembetatu mbili, na ukingo wa hanamu hunyumbuka. Mguu wa cherehani ukiusukuma huwa mrefu kuliko ulivyokatwa. Pembetatu nane zinapokutana katikati, ncha zote nane yapasa kufika katika nukta moja, na unene wa nguo hapo huisukuma sindano ya cherehani kando. Kwa hiyo fundi hupiga bandi kwa mkono kwanza ili kuvishika vipande, hushona kwa cherehani mpaka karibu na kiini, kisha hukimalizia kiini kwa sindano ya mkono, polepole, akichungulia upande wa mbele kila baada ya mishono miwili mitatu. Picha za ua, ndege au msalaba nazo hukunjwa kingo na kubandikwa kwa mkono, kwa mishono midogo iliyofichwa.

Mwisho tabaka tatu huwekwa pamoja: uso wa viraka, ujazo wa kati ambao mara nyingi ni blanketi kuukuu, na bitana ya chini. Tabaka hizo hushikwa kwa mishono, au kwa mafundo ya uzi mnene yaliyopangwa kwa nafasi sawa, kisha pindo hufungwa pande zote.

Nimewasikia wazee wakisema cherehani imewafanya vijana wavivu, na vijana wakisema sindano ya mkono ni kupoteza wakati. Wote wawili hawajaunga nyota. Cherehani, ambayo Isaac Singer aliipatia hataza ya muundo wake mwaka 1851, na ambayo kwa miguu ya mafundi wetu barazani imevisha vizazi, ina nguvu na mwendo. Mkono una subira na jicho. Mfarishi wa cherehani peke yake utakuwa na pembe zisizokutana, na wa mkono peke yake huenda ukamkuta mgonjwa ameshapona au ameshazikwa.

Mifarishi ya Walutheri

Baada ya kuona kazi ilivyo, turudi katika historia ya kanisa. Walutheri wa Marekani hawakuanza kutukumbuka kwa mifarishi. Wamisionari wa Sinodi ya Augustana walifanya kazi katika nchi jirani ya Iramba tangu miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ilipowatoa wamisionari Wajerumani nchini, Augustana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya mzigo wa kuzitunza misioni za Kilutheri zilizoachwa yatima Tanganyika. Ulikuwa mtumba wa namna nyingine.

Mwaka 1945, vita vilipokwisha, Walutheri wa Marekani waliunda shirika la Lutheran World Relief ili kuwasaidia watu wa Ulaya waliopoteza nyumba na mavazi. Katika sharika zao akina mama walikutana wakashona mifarishi kutokana na mabaki ya nguo, na kazi hiyo haikukoma Ulaya ilipoinuka. Mifarishi ikapelekwa nchi nyingi zenye shida, na Tanzania ikawa miongoni mwao. Kipimo kilichozoeleka ni hicho hicho cha inchi 60 kwa 80, na mingi hushikwa kwa mafundo badala ya mishono ya urembo, kwa sababu haja ni kubwa na wakati ni mfupi.

Mkoa wetu wa Tabora unajua haja hiyo. Mwaka 1964 shirika la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lilianzishwa kwa mapatano ya Serikali, Shirikisho la Kilutheri la Dunia na Umoja wa Mataifa. Kuanzia mwaka 1972, ndugu zetu wa Burundi waliokimbia mauaji walipewa makazi Ulyankulu, katika mkoa huu huu, na TCRS ilikuwa miongoni mwa waliowahudumia. Kutoka katika kizazi hicho na watoto wao, watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya magharibi walikuja kupewa uraia wa Tanzania, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Katika miaka ya 1990 mawimbi mengine ya watu yaliingia kutoka Burundi, Rwanda na Kongo, na mifarishi ya viraka ilikuwa miongoni mwa misaada iliyowafikia watu katika kambi za magharibi ya nchi. Ilitandikwa chini, ilijifunikiwa, ilitundikwa kuwa ukuta wa kibanda, ilifungiwa mizigo, na watoto walizaliwa juu yake.

Katika njia ile ile ya magharibi ambako nguo ya Marekani ilikuwa imekuja kuwa bei ya watu, sasa ilikuja kuwafunika watu.

Je, ilikuja bure?

Sasa namjibu bibi. Alikuwa na haki ya kuuliza, na jibu langu la kijana lilikuwa pungufu. Nilisema haikulipiwa. Ningepaswa kusema kwamba wewe hukuilipia, lakini imelipiwa. Kuna mwanamke fulani, katika mji ambao hatutaujua, aliyefua, akapima, akakata viraka 192 au vinginevyo, akachomwa na sindano, akasimama kwa maumivu ya mgongo. Hakutaka pembe za ndovu, wala hongo, wala jina lake lijulikane. Hivyo ndivyo Dakta Martin Luther alivyotufundisha juu ya neema: hailipiwi na mwenye kuipokea, lakini yuko aliyegharimika, naye aligharimika kwa damu.

Pamoja na hayo tusiidanganye historia. Mfarishi mmoja, wala milioni moja, haifuti hesabu ya merekani. Hatuwezi kuunga kipande kipya juu ya kikuukuu kisichofuliwa na kudhani kwamba kitashika. Kuyasema wazi yaliyotokea katika njia hii, juu ya pembe na watu na doti, ndiko kuifua nguo kabla ya kuiunga. Ndiyo maana nimeyaandika katika kitabu cha sherehe.

Liko pia la kutuonya sisi wapokeaji. Mtu aliyefunikwa miaka mingi aweza kusahau kwamba ana mikono. Babu zetu walifuma, mama zetu wa pwani walibuni leso za kushona, na katika miaka ya mwanzo ya 1980, nguo zilipoadimika madukani, kila nyumba ilijua kutia kiraka. Ustadi tunao. Tuliokosa ni desturi ya kumshonea mtu tusiyemjua.

Hitimisho

Kwa hiyo natoa shauri kwa usharika tunapoianza karne ya pili. Mfarishi mmoja unahitaji miraba 48. Nyumba 48 zilete kila moja mraba wake, wa kanga ya bibi, wa kitenge kilichobaki kwa fundi, wa sare ya kwaya iliyochakaa, wa shati la shule la mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Vijana wenye cherehani waunge safu, na wazee wenye subira wamalizie viini kwa mkono. Ukiisha kukamilika usibaki kwetu. Upelekwe kwa mama aliyejifungua na hana cha kumfunikia mtoto, au kwa mkimbizi aliyefika jana usiku. Kisha tuanze wa pili.

Naye akituuliza ameulipia nani, tusimjibu kwa haraka kama nilivyojibu mimi. Tukae kitako karibu naye, tumsimulie habari za njia ya Kigwa, za wapagazi na mitumba yao, za Mama Powers na dola zake tano, na za Yeye ambaye hakuwa na deni akalipa la wote.

Mungu aubariki usharika wetu, na aibariki mikono ya wote washonao. Amina.